Sauti Moja ya Mjomba

Baba yangu ni fundi vioo, na kwa miaka mingi alipiga fidla ya pili katika kundi la wapigaji wanne, kazi ambayo kwa kifupi ni kumbebea mikoba fidla ya kwanza. Fidla ya kwanza ni Mjomba, kaka yake mama. Hakuna aliyempigia kura, alizaliwa nayo. Mama anapiga selo, fidla kubwa inayobanwa magotini, na viola, fidla nene kidogo, inapigwa na daktari wa meno, mtu mpole aliyezoea kelele za watu.

Mwaka huu, kwa onyesho lao, walichagua utunzi wa karne iliyopita, mkali kama limau. Sehemu ya kwanza wote wanne wanagombana na hakuna anayeomba radhi. Ya pili upinde unawekwa kando, nyuzi zinadonolewa kwa vidole mpaka unadhani paa linavuja. Ya nne ni mbio, na Mjomba anatangulia, bila shaka. Lakini ya tatu nyuzi zinawekewa vibanio vya kufifisha sauti, sauti inashuka kama ya mtu anayeongea chumba cha pili, na fidla ya pili inazungumza peke yake. Mjomba, masikini, anashikilia sauti moja tu mwanzo hadi mwisho.

Basi Mjomba akagundua ghafla kwamba sehemu ya tatu inachosha.

"Tuiruke hiyo, shemeji," alimwambia baba sebuleni kwetu. "Watu watasinzia. Nawaonea huruma."

Huruma ya Mjomba! Vidole vya baba vilikuwa vimeanza kukakamaa. Vifungo vya shati alifungiwa na mama. Alishasema onyesho hili ndilo la mwisho kwake, na sehemu ile alikuwa akiifanyia mazoezi karakanani, katikati ya vioo vyake, kila siku.

"Sawa, shemeji," akasema baba.

Nilitamani kumzaba mtu kibao, ila sikujua nianze na yupi.

Siku ya onyesho, sehemu ya pili ilipokwisha, Mjomba akainua upinde aanze ya nne. Mama akatoa kibanio mfukoni, akakibana taratibu kwenye selo yake. Kingine kidogo akamtupia kaka yake mapajani. Daktari wa meno akawatazama, akabana chake. Baba naye akabana chake.

"Dada, unafanya nini?" Mjomba akanong'ona.

"Shika sauti yako, kaka," mama akajibu, wala hakunong'ona.

Baba akapiga. Kidole kimoja kiliteleza, sikujali. Nililia bila aibu. Mjomba alishika sauti yake huku jasho likimtiririka, maana sauti ile ukiiachia, ukumbi mzima unajua ni nani kaiachia.

Baada ya makofi mwanamke mmoja alikuja mbio kumpa Mjomba mkono. "Ile ya polepole imenitoa machozi!"

"Asante," Mjomba akasema. "Mimi ndiye niliyesisitiza tuipige."

Baba hata hakusikia. Alikuwa akihangaika na sanduku la fidla, vidole vimegoma kabisa. Nikamfungia mimi, na hatujalifungua tena.