Zamu ya Maji Handakini

Mwezi uliopita nilikwenda Ibra, huku huku Omani, kuhani msiba, na wakati wa kurudi nikamwomba mwanangu asimamishe gari penye ngome kongwe. Ee mwenzangu, yalinirudia yote.

Tulipohamia kutoka Unguja, miaka ya sabini, ngome ilikwisha kuwa magofu, lakini handaki lililoizunguka bado lilipata maji. Yalitoka mlimani kwa mfereji wa falaji, yakapita chini ya ukuta. Zamani yalizuia maadui; wakati wetu yalinywesha mitende ya bibi yangu, iliyoota mle mle handakini, vyura wakilia kutwa. Ikifika zamu yetu ya maji, alasiri, mtu hung'oa jiwe lililoziba mfereji pamoja na matambara yake, maji yakaja mbio na harufu ya udongo uliorowa.

Mtu huyo hakuwa mimi. Alikuwa Zuwena, binti wa ami yangu, ambaye bibi alirudi naye Omani kabla yetu na kumlea mwenyewe. Walishuka wameshikana mikono. Mimi niliachwa juu na birika la kahawa na kikapu cha tende, kwani bibi alisema miguu yangu ya Unguja itateleza. Niliwasikia wakicheka huko chini, moyo ukiniwaka.

Kisha Zuwena akaolewa mji wa mbali, Sinaw. Nisikufiche, harusini nilicheza kuliko wote. Alasiri ya siku ya pili yake bibi akanishika mkono, tukashuka. Nikaling'oa jiwe, maji yakaja. Bibi akanipangusa tope usoni.

"Ahsante, Zuwena."

"Mimi si Zuwena, bibi."

"Najua, mwanangu. Ulimi umezoea."

Haukuzoea jina langu mpaka alipofariki, miaka ya themanini. Siku ya msiba Zuwena alifika na vumbi la safari, akaukumbatia mto wa kulalia wa bibi, akalia kilio ambacho mimi sikuwa nacho. Wanawake wakamzunguka. Nikamwonea wivu hata kwa machozi yale.

Basi siku ile ya kurudi Ibra nikashuka garini. Mitende hakuna, falaji kavu, handaki limefukiwa na juu yake watu wanaegesha magari. Nilisimama pale hadi mwanangu akaniita.

Zuwena, ambaye sasa hatoki nyumbani kwa maradhi ya miguu, alinipigia simu jana. Akaniuliza kama maji bado yanapita chini ya ukuta.

"Yanapita," nikamwambia, nikageuza mazungumzo.

Mwenzangu, utadhani nilimwonea huruma. Nilitaka tu nami niwe na kitu cha bibi ambacho yeye hanacho, hata kama ni kule kujua kwamba hakipo tena.