Mama Ananawiri, Mimi Nakauka

Mimi si mwoga. Niliwahi kumfukuza fisi kwa mwiko wa ugali hapa hapa kijijini kwetu Runazi, na waliokuwepo wanacheka mpaka leo. Kwa hiyo nikisema niliogopa, naomba mtu asilipunguze neno hilo. Niliogopa hadi nikawa naogopa kusimama.

Ndiyo, kusimama. Ilianza asubuhi moja nikimtoa mama kitandani. Mama magoti yake yamekwisha, na miaka yake hakuna anayeijua. Yeye husema alizaliwa mwaka wa njaa. Ukimuuliza njaa ipi, anakujibu njaa ni njaa. Namwinua kwa mtindo wetu: anapitisha mikono shingoni mwangu, mimi namshika kiuno, tunahesabu kwa Kisukuma mpaka tatu, anasimama. Asubuhi ile tulipofika tatu, giza likaingia machoni, masikio yakawa yanavuma. Nashukuru kitanda kilikuwa nyuma yake. Tuliangukia hapo wote wawili, yeye chini, mimi juu yake na kilo zangu zote.

"Mayu," akaniambia, maana kwetu hata binti huitwa hivyo kama mama, "umeona kizunguzungu?"

"Nani? Mimi? Nimeteleza."

Sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Nilitoka nje nikajishika kwenye nguzo ya jiko. Sikuwa nawaza ugonjwa. Nilikuwa nawaza hesabu moja tu: nikianguka mimi, nani atamwinua yeye? Nyumba ya karibu iko ng'ambo ya shamba la mihogo. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Mwanza, mwingine Kahama. Wanapiga simu kila Jumapili, siwezi kuwasingizia. "Mama anaendeleaje? Anakula? Anapata choo?" Nawajibu yote, mpaka habari za choo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, na wewe je? Nikisema hivi watanuna. Wanune tu, uso wa kununa ni wao.

Sasa niseme ukweli wangu. Kabla ya kizunguzungu nilikuwa na kichwa. Kinaanzia kisogoni, kinashuka shingoni, hasa nikitoka kulima, mpaka najifunga khanga kichwani niikaze. Mama alikuwa ananiona. Alisema mara mbili tatu, "Hicho ni kichwa changu, ndivyo kilivyoanza," nami nikamwambia aniache, kila mkulima ana kichwa. Baadaye kichwa kikaondoka chenyewe. Nikamshukuru Mungu kanisani kwa sauti, watu wakasema amina. Wiki chache mbele ndipo kikaja hiki cha kuzima. Nikiinuka jikoni, giza. Nikiinuka kutoka kwenye palizi, giza. Halafu mkojo! Nilikuwa nakimbilia chooni kama mjamzito, mimi mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Kila mwezi nampeleka mama Biharamulo kupimwa presha. Tunapanda bodaboda mshikaki: dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asichomoke. Hospitali wameandika ukutani kwamba mzee apishwe, na kweli wanampisha. Anapewa kiti, anaamkiwa shikamoo na kila mtu, anaitwa kabla ya wote. Mimi nasimama nyuma yake na kikapu. Sijafika sitini, mimi si mzee, mimi ni mguu wa mzee.

Safari ile nesi alimpima, akampima tena mkono wa pili. Ulikuwa mwezi wa tatu mfululizo presha ya mama inapanda tu badala ya kushuka.

"Dada," akanigeukia, "dawa unampa?"

"Nampa kwa mkono wangu huu. Kila asubuhi. Nasimama mpaka ameweka mdomoni."

"Mbona inapanda? Mama yako akipooza utamlaumu nani?"

Mashine ile ilikuwa pale mezani na mkono wangu upo, ningesema tu, nesi, nipime na mimi. Sikusema. Wangenikuta na kitu wangenilaza, na mama arudi nyumbani na nani? Nikabeba kikapu, tukapanda tena mshikaki, njia nzima nikiogopa kizunguzungu kisije kikanikuta pale nyuma nikamwangusha.

Basi ningekuwa na hofu hiyo peke yake ingetosha. Lakini jirani yangu wa ng'ambo ya mihogo hakuona kama inatosha. Tunaimba naye kwaya moja, ni mtu mwema akiwa amelala. Alinikuta nimekaa kwenye kizingiti nasubiri dunia itulie, akachuchumaa karibu yangu, akateremsha sauti.

"Wewe hujioni? Mama yako ananawiri, uso umejaa, ngozi inang'aa. Wewe mwenye umri mdogo unakauka kama mchembe wa kiazi juani. Hujiulizi zinakokwenda nguvu zako?"

"Zinakwenda kwenye jembe."

"Haya. Kikulacho ki nguoni mwako. Na si mimi peke yangu ninayesema. Lisemwalo lipo."

Niliinuka nimpe kofi. Sijui kama ningempa, maana nilipoinuka nikaona giza nikakaa tena. Nikamwambia aondoke, na neno hilo asilitamke tena uani kwangu. Akaondoka akijipangusa sketi, ananihurumia.

Mtu wa mbali anaweza kusema hayo ni maneno ya wanawake, yapuuze. Mtu wa kwetu hawezi. Wazazi wangu walikuja huku na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, mimi bado nabebwa mgongoni, na katika mizigo yote waliyobeba, hofu ya uchawi pia waliibeba. Mama macho yake ni mekundu, kwa sababu amepika kwa kuni tangu akiwa binti. Lakini neno likishamkaa kikongwe mwenye macho mekundu, halimtoki. Nimewahi kuiona nyumba ya mzee mmoja baada ya neno kama hilo. Sitaieleza hapa.

Nikaanza kufunga mlango mchana. Nikaanza kujipaka mafuta usoni kabla ya kwenda kisimani ili nami ning'ae, watu waone niko salama. Nikicheka nacheka kwa nguvu. Lo, mwanamke mzima najilazimisha kuwa mnene! Na kitu kibaya zaidi, ambacho naona haya kukisema lakini nitakisema: nikaanza kumtazama mama. Nampa chakula namtazama anavyokula. Anamaliza ugali, anamaliza maharage, analamba kidole. Nguvu hizo zote anazipeleka wapi, mtu asiyetembea? Halafu nashtuka, najiambia Mungu nisamehe, huyu ndiye aliyekuzaa.

Sasa asubuhi yenyewe. Utaratibu wetu ni huu: napika uji, nampa mama vidonge vyake viwili, cha presha na kile cha kukojoza, anaweka mdomoni, anakunywa maji. Namimina uji vikombe viwili, naviweka kwenye stuli mbele yake. Mimi natoka kufungulia mbuzi, yeye anabaki anapoza uji wangu kwa kuumimina huku na huku. Ni kazi aliyojichagulia. Alisema angalau hiyo mikono yake inaiweza, nami nilifurahi kupozewa uji kama mtoto.

Siku hiyo nilisahau kamba. Nikarudi kwa upande wa nyuma, na ukuta wa jiko letu ni wa fito na udongo, una mwanya. Nikachungulia tu kuona kama kamba iko msumarini.

Nikamwona mama anatoa kitu mdomoni. Akakiweka kwenye kijiko. Akafungua fundo la khanga yake, akatoa kijiko cha pili, akabana vile vijiko pamoja akasaga, taratibu, ulimi nje, kama anavyofanya akitunga sindano. Ule unga akaumimina kwenye kikombe changu. Akakoroga. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akaongeza sukari. Akaonja tena.

Miezi yote ya kizunguzungu ikanijia kwa mara moja, na sauti ya jirani ikanijia, ananawiri, unakauka. Niliamini. Sitaki kujipamba: niliamini. Niliamini mama yangu mzazi ananimaliza kikombe kwa kikombe. Nilifungua mdomo nimwite jirani kwa jina lake, na ng'ambo ya mihogo nilikuwa namwona kabisa, anafagia. Kilio kimoja tu angekuja, na asingekuja peke yake.

Sauti haikutoka. Si kwamba nilikuwa na busara. Sauti iligoma tu, nikajishika ukutani udongo ukanibaki mikononi. Nikazunguka nikaingia jikoni, nikamkamata mkono uliokuwa na kijiko. Nilimkamata vibaya.

"Umeniwekea nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa akilamba sukari.

"Dawa," akasema.

"Dawa gani?"

Akafunua fundo la khanga. Vilikuwemo vidonge vya akiba, vyeupe, vimelowa upande mmoja. Vidonge vyake vya hospitali. Alikuwa anavificha chini ya ulimi, anakunywa maji, ananiachia nitoke.

"Kichwa kilikuwa kinakuuma," akasema. "Nilikwambia ni kile changu, ukakataa. Kikapona au hakikupona?"

Nikakaa chini sakafuni. Kikapona, ndiyo. Nilikumbuka babu alivyougua nikiwa mdogo: chungu cha mizizi kilipopikwa, mama aliyekuwa anamuuguza alikunywa kwanza, kisha mgonjwa. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa, dawa haimhusu mgonjwa aliyelala tu, inamhusu na anayemwinua. Nilimweleza mara nyingi kwamba za hospitali si hivyo, za hospitali zina mwenyewe. Alikuwa anaitika ndiyo, ndiyo mayu.

"Na wewe je? Wewe mwenye presha umekunywa nini miezi yote?"

"Mimi nimekaa tu. Wewe ndiye unayebeba." Akafuta kijiko kwa khanga. "Ukianguka wewe, tumeanguka wawili. Nikianguka mimi, nimeanguka mmoja."

Siku hiyo hiyo tukaenda Biharamulo. Nesi alimpima mama akamwita daktari, na daktari akanionyesha miguu ya mama ilivyovimba, na ule uso. Uso uliojaa haukuwa afya, yalikuwa maji. Mimi nimeupaka mafuta kila siku nikisema mama kanenepa. Walimlaza siku nne, nami nikalala sakafuni chini ya kitanda chake naogopa kila anapokoroma na kila anaponyamaza. Aliponusurika nesi alitugombeza wote wawili kwa pamoja, kisha akauvuta mkono wangu bila kuuliza, akanifunga ule mpira. Kipimo kilikuwa chini sana. Akasema nirudi baada ya wiki tatu, hizo dawa zitakapokuwa zimenitoka.

Nilirudi. Kilikuwa juu karibu sawa na kile cha mama. Mama alikuwa sahihi, yule bibi asiyejua kusoma hata jina lake. Sasa nami nina bahasha yangu ya vidonge, tunakunywa pamoja asubuhi, na mama anafungua mdomo mkubwa nikague chini ya ulimi. Miguu yake imepungua uvimbe. Uso wake umekuwa mdogo, wa kizee, na jirani ameniambia kwa furaha, "Sasa afadhali, naona umeanza kurudi mwilini." Bado namwogopa.

Jambo moja sijalimaliza. Tulipokuwa wodini mama aliniuliza, "Ule mkono ulivyonikamata. Ulidhani ni nini?" Nilisema sikudhani kitu. Akasema haya. Hakuuliza tena, wala hakunikasirikia, na ukarimu wake kwangu haujapungua hata chembe.

Ila uji wangu hapozi tena. Nikimimina vikombe viwili nikaviweka kwenye stuli, anakivuta chake, kisha anaweka mikono yake yote miwili juu ya mapaja, viganja juu, mahali ninapoiona, mpaka ninywe nimalize.