Pembe ya Babu na Kaburi la Kunda

Juzi mjukuu wangu alishusha pembe ya tandala ukutani akaipuliza. Nilikuwa nakunywa chai. Yote ikaishia mapajani. Mtoto akacheka, "Bibi naye! Unaogopa pembe?" Nikamwambia kaa chini, mjinga wewe, nikueleze. Na ninyi mnaosoma kaeni hapo hapo. Sina Kiswahili cha vitabuni, lakini nilichokiona nilikiona.

Shida za kwetu zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa. Mwaka huo homa iliyokakamaza shingo ilimchukua kaka yangu Kundaeli, tuliyemwita Kunda, mtoto wa kwanza wa baba. Kwetu Masama marehemu hapelekwi mbali. Tulimzika migombani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo moshi wa jikoni ulikuwa unamfikia.

Haikupita muda akaja mhubiri mmoja mgeni, na kipaza sauti cha betri ya gari na picha kubwa ya kitambaa. Kwenye picha kulikuwa na ziwa la moto, na watu ndani yake wamepanua vinywa kama makinda ya ndege. Alisema parapanda italia. Waliokufa katika Bwana watatoka makaburini kwanza, ndipo walio hai watanyakuliwa juu, na watakaobaki watajuta kuzaliwa. Mimi nilirudi nyumbani na lile ziwa machoni. Baba alirudi na jambo lingine, ila sikulijua wakati ule.

Baba alikuwa mtu wa kahawa, mkono mgumu, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Akaacha kupogoa. Akaacha kupiga dawa. Kahawa ikaiva, ikakauka mtini, ikadondoka. "Kahawa ya nini," alisema, "na Bwana yuko mlangoni?" Shule nayo akanitoa, darasa la tatu. "Cheti utampelekea nani?" Mama alichukua jembe akaenda kupalilia peke yake, na ukimtazama mgongo ulijua anagombana.

Kila jioni baba alitueleza. Watu wawili wataenda kukata majani ya ng'ombe, mmoja atarudi na mzigo, mwenzake hataonekana tena. Jamani, kazi ya kukata majani ilikuwa yangu na mama! Tangu siku hiyo, tukienda bondeni, mkono mmoja ulishika mundu na mwingine ulishika kanga ya mama. Aliniuliza, "Ndeshi, wewe ni kupe?" Nikazidi kuikaza. Kwa kuwa mama alikuwa anapalilia bila ridhaa ya baba, nilijua kabisa mmoja wetu ataachwa, na sikujua lipi ni baya zaidi, niachwe mimi au aachwe yeye.

Siku yenyewe nilikwenda bondeni peke yangu kwa sababu mdogo wangu wa mgongoni alikuwa anaumwa, mama akabaki naye. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu tangu alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mikono yako. Nilikuwa nimeshafunga mzigo niliposikia sauti kutoka mlimani. Ndefu, nzito, inapanda inashuka. Haikuwa ng'ombe wala gari. Maishani mwangu sikuwahi kuisikia. Nikajua ndiyo parapanda.

Nilikimbia na mzigo kichwani. Hata dunia ikiisha, mama asingekubali niache majani.

Nyumbani mlango wazi. Chungu cha ndizi kinatokota. Kanga ya mama iko kizingitini, imeanguka kama imevuliwa na upepo. Kitandani kwa mtoto pana joto tu. Niliita, "Mama!" Ng'ombe ndiye aliyeitika.

Nikakumbuka Bibi Manka, jirani yetu mpika mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba alikuwa akisema huyo ni wa lile ziwa la moto, hana tumaini. Nikaona nikimkuta, angalau tutakuwa wawili. Nilipita kwenye migomba nikafika kwake, sikuona mtu. Kata ya mbege imesimama nusu, povu bado linahema. Na Bibi Manka hakuwahi kuacha kata nusu tangu azaliwe. Mungu amemchukua hata Manka, akaniacha mimi! Nilitafuta dhambi yangu, sikuipata, na kutoipata kukanitisha zaidi.

Nilirudi kwetu nikilia bila sauti. Nyuma ya nyumba nikasikia mtu anahema. Alikuwa baba. Alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la Kunda, anapapasa udongo kwa viganja, huku na huku, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Ndeshi. Umesikia?"

"Nimesikia baba."

"Wamekwenda wote?"

"Wote. Hata Bibi Manka."

"Hata Manka!" Akaupapasa udongo tena. Kisha akasema polepole, "Lakini huyu bado yupo. Udongo haujaguswa."

Mimi nilikuwa nimelisikiliza vizuri lile somo. Wafu kwanza. "Kwa hiyo bado, baba? Siyo leo?"

"Siyo leo, mwanangu."

Nilirukaruka pale migombani kama mwanambuzi. Yeye aliinamisha paji la uso kwenye udongo akalia. Sikuelewa. Nilidhani analia kwa furaha kama mimi.

Baadaye mama akatokea, tope mpaka magotini, mtoto mgongoni, Bibi Manka nyuma yake ananung'unikia mbege yake. Mfereji wetu, tunaouita mfongo, ulikuwa umebomoka juu, maji yakaingia kwenye nyumba za watu. Babu yangu, mzee wa mfongo, alipuliza pembe ambayo hupulizwa kwa hatari tu; haikuwahi kulia tangu nizaliwe, na masikio ya baba yalikuwa yanangoja parapanda. Wanaume wakakimbia na majembe, wanawake wakaenda kuokoa mbuzi na mahindi.

"Baba Kunda!" mama alifoka. "Kijiji kizima kiko kwenye maji, wewe umekaa hapa? Au wewe utakunywa ya mbinguni?"

Halafu akaiona mikono ya baba ilivyojaa udongo. Alichota maji kwenye ndoo, akamnawisha kidole kimoja kimoja, kama mtoto. Bibi Manka aligeuka akaondoka bila kuaga.

Kesho yake baba alichukua mkasi akarudi kwenye kahawa. Shuleni mimi sikurudi, mikono ilihitajika. Darasa la tatu ndilo chuo kikuu changu, na sijapunjwa na mtu sokoni mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilidhani baba aliichukia dunia. Mpaka nilipomzika mwanangu mimi mwenyewe ndipo nikajua kilichomvuta kwa mhubiri yule kilikuwa kaburi la Kunda. Wengine wote tuliogopa siku hiyo isije ikafika. Baba aliogopa isije ikachelewa.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, mashine ya kusaga, pikapu kuukuu inayowaka, na kahawa iliyopogolewa. Nina pembe ya babu. Na migombani nina makaburi matatu, la Kunda, la baba, la mwanangu. Nayapalilia mwenyewe, simpi kibarua. Nikimaliza, kama hakuna anayeniona, napitisha kiganja juu ya udongo.