Benchi la Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa huduma ya usafi wa mji wa Bunia hakunipa kalamu. Alinipa chupa ya chai. "Sitwayeni," aliniambia, yaani raia, maana miaka hiyo ya sabini sote tuliitwa hivyo, "weye utakula chakula yako. Ukikula ya mutu, kesho utaona nzi mu sahani yake na utanyamaza. Ata chai, hapana." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ninyi mnaouza chakula kwenye magari leo mnadhani ruhusa ni karatasi tu. Wakati wetu mwenye gari la chakula alileta kwanza patanti, yaani kibali cha biashara, kisha fishi ya afya, kuonyesha kwamba daktari amempima choo na kifua. Ndipo mimi nilipokwenda kukagua gari lenyewe. Nilitaka beseni mbili, moja ya kuosha vyombo na moja ya kusuuza, na kifuniko kwa kila sufuria. Mahali pa kuegesha paliandikwa kwenye ruhusa; ukilisogeza gari ng'ambo ya barabara, unaanza upya. Tulikuwa wasumbufu, sikatai, lakini kuhara kulikuwa kunaua watoto.

Mke wangu alikaa Gety na mashamba yetu. Mimi nilipanga chumba mjini, na kila adhuhuri nilikula viazi baridi ofisini, mlango umefungwa.

Mama Kavira, mzaliwa wa Butembo, aliuza wali na maharage nyuma ya kamioneti, kigari kuukuu cha mizigo, karibu na soko. Mbele yake kulikuwa na benchi refu, wateja wamebanana wakitaniana. Kila nikipita aliita, "Shefu, chai iko! Kuja ukae na batu." Nilijibu kwamba nimekwisha kula. Ulikuwa uongo, naye alijua. Hata siku zisizo na ukaguzi nilipita njia ile ili niitwe tu.

Asubuhi moja nilikuta beseni moja, maji yake meusi. Ya pili ilikuwa imetoboka.

"Shefu, unipe siku moja. Kesho nitanunua ingine."

Kanuni ilisema gari lifungwe wiki nzima. Nikachukua ruhusa yake mbele ya wateja wote.

"Kila siku nakuita ku chai, Shefu," alisema polepole.

Alirudi kazini na beseni mbili mpya. Alinisalimia kwa heshima, lakini chai hakuitaja tena. Nilihamishiwa Aru kukagua vyakula mpakani, nikarudi Bunia na cheo, bado hakuitaja. Nilifanya kazi yangu, na ningefanya vile vile tena, ila niliumia na sikuwa na wa kumwambia.

Nilipostaafu, mwishoni mwa miaka ya themanini, mke wangu alikuwa ameshafariki. Asubuhi iliyofuata nilivaa shati langu la Jumapili, nikaenda kuketi kwenye benchi lile.

"Mama, leo nakula."

Mazungumzo yakakatika. Mmoja alisema amechelewa, mwingine akaacha sahani nusu. Chakula changu hakijafika, nikawa nimebaki peke yangu.

"Nimestaafu!" nilisema, kwa sauti kubwa mno.

Mama Kavira alinitazama kwa huruma. Akapakua maharage kwenye bakuli lenye kifuniko, kama kanuni ilivyotaka.

"Kamata, Muzee. Utakulia ku nyumba. Batu bangali banakuogopa."

Nikamshukuru, nikaondoka. Kwenye kona niligeuka. Benchi lilikuwa limejaa.