Msiba wa Mijohoro

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, katika kijiji chetu cha Ujamaa kando ya njia ya zamani ya misafara, magharibi ya Tabora. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimechaguliwa kuwaongoza watoto wa chama cha vijana. Miti ya miyombo juu ya kisima ilikuwa imekwisha kwa kuni za kukaushia tumbaku, na kisima kilianza kutoa tope. Tukapewa miche ya mijohoro tuipande pale kilimani, ilinde maji.

Shida ilikuwa mgeni. Mkubwa fulani alikuwa anakuja, na Mwenyekiti wa kijiji alitaka aone watoto wakipanda miti. Nikamwendea.

"Shikamoo baba. Mvua bado."

"Marahaba. Mgeni hangoji mvua, binti."

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, akapigiwa ngoma, akaondoka, na mwenyeji hakupona. Watoto walipanda kwa furaha, kila mmoja akaupa mche wake jina. Kesho yake wakatumwa kumwagilia vitalu vya tumbaku, na ndoo zote zikaenda huko. Miche ikakauka. Kadogo, mtoto wa jirani yetu, akaniambia hatakuja tena chamani. "Dada, ile miti ni ya wageni," alisema. Iliniuma, na wenzake nao wakaanza kutoroka mmoja mmoja.

Palikuwa na mzee wa Kigogo pale kijijini, Mzee Chilongani, ambaye babu yake alibaki huku tangu enzi za misafara. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani. Ninyi wa siku hizi utani mnaujua kwa vichekesho tu, lakini mtani alikuwa na haki ya kukutukana msibani kwako, nawe usinune, na akidai kitu umpe.

Basi kwenye mkutano wa kijiji mzee akaingia amebeba mche mkavu uliofungwa sanda. Akaulaza miguuni pa Mwenyekiti, akaangua kilio.

"Wanyamwezi mmeua! Mtoto kazaliwa mbele ya mgeni, kafa kwa kiu mbele ya ndoo!"

Watu walicheka hadi machozi. Mwenyekiti naye akacheka, angefanyaje? Kilio huanza mfiwa, wa mbali akaingia. Siku ile wa mbali ndiye aliyetuanzia. Kisha mzee akakaa chini, akasema maiti haizikwi mpaka alipwe.

"Kuku sitaki. Ndoo za kwanza kila asubuhi ziwe za watoto. Na siku ya kupanda waseme wao."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akakubali kulipa.

"Chukua, mtani."

Watoto wakarudi, Kadogo akiwa nyuma yao, wakaotesha miche mingine. Mvua ya kwanza iliponyesha, Mwenyekiti alifika kilimani na jembe begani. Kadogo akachimba udongo kwa kidole, akaukuta chini ungali mkavu, akamwangalia.

"Bado, baba."

Mwenyekiti akashusha jembe, akangoja.

Mwanangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimwita apande mti ili aonekane, umemfundisha kuonekana. Mpe maji ya kuutunza, na akisema bado, umsikilize hata kama wewe ndiye mkubwa. Mungu akujalie watoto watakaokuambia kweli, na akupe moyo wa kushusha jembe.