Saa Moja na Robo kwa Ndege

Mimi Severa nikikasirika sijui kufunga mdomo, na kwa habari ya Seifu sitaufunga. Miaka kumi na moja chumba changu kilitazamana na cha Kuruthumu, nyumba moja, Kariakoo. Aliuza nazi sokoni. Usichanani alitoroka kwao Mtwara akimkimbia mume aliyechaguliwa na mama yake, na mama hakumsamehe. Kila Idi aliniambia, "Severa, mama akifa hajanipa radhi, nimekwisha mwenzio."

Masika ya mwaka sabini na tisa ikaja simu ya maandishi: mama mahututi, njoo. Mtwara ni kilomita mia tano na sitini hivi. Kwa ndege, saa moja na robo. Kwa barabara, mvua ikinyesha, muulize Mungu. Kuruthumu alipanga foleni alfajiri tatu, akapata nafasi moja, ya mwisho wiki ile. Alirudi anacheka huku analia.

Jioni akaja mdogo wake, Seifu, karani, suruali imepigwa pasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, baba."

"Dada, niachie nafasi hiyo. Mama akifariki, nani atashuka kaburini kumpokea? Mwana wa kiume ni mimi peke yangu. Nitamwambia uko njiani, atakungoja. Radhi yako nitakuombea mwenyewe."

"Thubutu!" nikadakia. "Foleni kapanga nani?"

"Nyamaza, Severa. Huyu nimembeba mgongoni." Akampa. Maana kwao mama kuzikwa mwanawe wa kiume hayupo ni aibu ya ukoo mzima.

Kuruthumu akapanda basi. Kibiti wakakwama matopeni siku mbili. Mto Rufiji umefurika, pantoni haivuki. Siku nne wakakaa ng'ambo ya huku wanakula mihogo mibichi. Mbele yake matope tena. Alifika siku ya kumi, miguu imevimba.

Matanga yalishaanuliwa, na Seifu alisharudi Dar, kwa ndege vilevile. Shangazi yake, Bi Mauza, hakumkaribisha hata mkeka.

"Umefuata nini sasa? Mama yako aliishi siku tano tangu Seifu afike. Kutwa anauliza, Kuruthumu yuko wapi? Seifu akamwambia umekataa kuja, nazi zako haziachiki. Ndipo akaita wazee, akampa Seifu mikorosho yote."

"Na mimi, shangazi? Kasema nini juu yangu?"

"Hakukutaja tena."

Jamani! Aliponisimulia nililia mimi, yeye macho makavu. Mtu ukoo mmoja, ziwa moja, anakwibia radhi ya mama kwa ajili ya korosho! Mshenzi mkubwa.

Baada ya mwezi Seifu akaja, na kanga mpya mkononi. Kuruthumu alikuwa ukumbini anafua nazi.

"Shikamoo dada."

Kuruthumu akachukua nazi nyingine, akaendelea kufua.

"Dada, shikamoo."

Wapangaji wote tukatoka milangoni. Kuruthumu akainua uso.

"Seifu. Kwa ndege ni saa moja na robo. Mimi kwa basi siku kumi. Na kusema 'yuko njiani' kunachukua muda gani?"

Seifu akaiweka kanga kizingitini, akaondoka. Kuruthumu aliishi miaka mitano zaidi, na shikamoo ile hakuiitikia.