Koti la Baiskeli

Baba mdogo ni fundi cherehani, lakini shati lake limechanika kwapani. Mwenye koti ni baiskeli yake. Amelishona kwa mabaki ya suti, akalitia sponji ndani na vifungo mbele, na haiegemezi ukutani kabla ya kuivalisha, rangi isije ikachubuka. Iguse uone atakavyokufokea!

Mama mdogo huegemea ukuta huohuo akichambua mchele. Jana yalimfika shingoni.

“Baba watoto, kwani mgongo wangu ni wa chuma?”

Mumewe akaendelea kufunga vifungo. Nilimkasirikia, jamani!

Leo asubuhi nimekuta mto umepigiliwa ukutani, pale anapoegemea mama mdogo. Mto una vifungo. Na baba mdogo kasimama uani, kaishika baiskeli iliyo uchi kwa mikono miwili, hana pa kuiegemeza.